Serikali Sokoni: Historia ya Zabuni na Mikataba ya Ununuzi Tanzania

Ununuzi wa umma ni kazi ya kugeuza fedha za serikali kuwa vitu na huduma: dawa, madawati, lami, mafuta ya magari, mitambo ya umeme, ulinzi wa ofisi usiku. Viongozi wa Tanzania hutaja mara kwa mara kwamba asilimia 70 hivi ya bajeti hupita njia hiyo. Istilahi zake husikika katika kila halmashauri: zabuni, LPO, dhamana, tathmini, mapokezi, afisa masuuli. Lakini hazikuingia kazini kwa wakati mmoja. Nyingine zilifika na meli ya barua kutoka London, nyingine zilikuwa mnadani pwani kabla ya hapo, na nyingine zilitungwa bungeni baada ya fedha kupotea. Kila kipindi kilileta zake, kwa sababu kila kipindi kilikuwa na jibu lake kwa swali la nani aamue muuzaji wa serikali, na aamulie wapi.

Zanzibar ya karne ya 19 haikuwa na kanuni za ununuzi, lakini ilikuwa na mkataba mmoja mkubwa kuliko yote: forodha. Sultani hakukusanya ushuru wa bandari mwenyewe, aliukodisha. Kampuni ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kihindi mwenye asili ya Kachchh, ilishika kazi hiyo kuanzia miaka ya 1830 hadi 1876, ilipochukuliwa na Taria Topan. Mkodi aliahidi kumlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, na kilichozidi kikawa chake. Kiwango cha ushuru wa bidhaa zilizoingia kilikwishafungwa kwenye asilimia 5 na mkataba wa biashara na Marekani wa 1833, kwa hiyo faida ya mkodi ilitegemea wingi wa mizigo na ukali wa makarani wake. Sifa za mkataba wa kisasa zilikuwapo: muda, kiasi, na ushindani wa kuupata upya muda ukiisha. Ushindani wenyewe ulikuwa hafifu, kwa kuwa mkodi huyohuyo ndiye aliyemkopesha Sultani. Si rahisi kumnyima kazi mtu anayekudai.

Kuzabuni enzi hizo kulikuwa ni kutaja bei mnadani, hadharani, na kila mzabuni akipanda juu ya mwenzake. Serikali ya baadaye ililichukua neno na kuligeuza pande zote mbili: wazabuni wake hushusha bei badala ya kuipandisha, tena kwa siri, ndani ya bahasha.

Upande wa bara, Wajerumani hawakuacha alama kubwa katika istilahi za ununuzi, ila waliacha mfano wa mkataba mkubwa wa ujenzi. Reli ya Kati ilijengwa kwa haki iliyotolewa 1904 kwa kampuni iliyoongozwa na Deutsche Bank, na mkandarasi akawa Philipp Holzmann wa Frankfurt. Reli ilifika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Mtoa fedha, mjenzi na msambazaji wa vyuma wote walitoka nchi moja, na uamuzi wote ulifanyika Berlin.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuja na ofisi ambayo tayari ilikuwa imezoea kazi hiyo. Crown Agents, Mawakala wa Taji, waliundwa London mwaka 1833 ili kuyanunulia makoloni mahitaji yao, na tangu 1863 walijulikana kama Mawakala wa Taji wa Makoloni. Utaratibu wao ulikuwa mzito lakini haukuwa wa kubahatisha. Idara ya afya au ya kazi Dar es Salaam ikihitaji bidhaa za nje, ilijaza hati iliyoitwa indenti: maelezo ya kitu, idadi, kifungu cha bajeti, na tarehe kinapohitajika. Hati iliidhinishwa, ikapanda meli ya barua. London, makarani waligawa mahitaji kwa aina za bidhaa, wakaomba bei kwa kampuni zilizokuwa kwenye orodha yao, wakatuma wakaguzi viwandani kuangalia mali kabla haijafungwa, wakaikatia bima na kuitafutia meli. Gharama ilikatwa hukohuko kwenye akaunti ya koloni, pamoja na kamisheni ya mawakala. Mtunza stoo wa Dar es Salaam alipopata makasha miezi kadhaa baadaye, kazi yake ilikuwa kuhesabu na kuandika kwenye leja. Bei alikuta imeshaamuliwa na imeshalipwa.

Nguvu ya ofisi hiyo ilitokana na kushika ncha zote mbili za kamba. Ndiyo iliyouza hati za mikopo ya makoloni katika soko la fedha la London, na ndiyo iliyotumia fedha za mikopo hiyo kununulia vyuma na injini kwa wenye viwanda wa Uingereza. Malalamiko hayakukosekana, kwa sababu orodha ya wauzaji ilikuwa ya waliochaguliwa na haikuwa mlango wazi. Mwaka 1908 iliundwa kamati mjini London kuichunguza ofisi hiyo. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Nairobi aliyekuwa na bidhaa hizohizo dukani aliyaona makasha ya serikali yakipita mlangoni pake kuelekea bohari.

Mfanyabiashara huyo naye alikuwa na sehemu yake, nayo ndiyo iliyozaa herufi tatu zinazotumika hadi leo. Vitu vidogo, vinavyoharibika au vya dharura viliruhusiwa kununuliwa papo hapo kwa hati ya ununuzi wa ndani, LPO: nyama ya wagonjwa, kuni, mbao, chokaa, matengenezo ya samani. Kilichobaki kilikuwa cha indenti. Indenti imekufa, na mwajiriwa mpya wa kitengo cha ununuzi huenda hajawahi kuiona, lakini LPO inaendelea kutolewa hata kwa kompyuta zilizoundwa ng'ambo. Kazi yake haijabadilika sana. Ni ahadi ya serikali kwa maandishi: muuzaji hupewa nakala, mhasibu hubaki na nyingine, na muuzaji mzoefu haachii mzigo kabla haijatoka. Akishafikisha mali, mapokezi hutoa hati kwamba imefika na imekubaliwa, kisha muuzaji huwasilisha ankara. Karatasi hizo tatu, ya kuagiza, ya kupokea na ya kudai, zikikubaliana kwa idadi na bei, ndipo malipo huandikwa. Ikikosekana moja, deni huzeeka mezani.

Tukio lililoonyesha namna utaratibu mzuri usivyoweza kuokoa uamuzi mbaya lilikuwa mradi wa karanga. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, iliamua kulima mamilioni ya ekari Kongwa, Urambo na kusini upande wa Nachingwea. Kampuni ya United Africa, tawi la Unilever, ilipewa kazi ya kuendesha mradi kama wakala, na gharama zake zikirudishwa na Wizara ya Chakula hadi Shirika la Chakula la Ng'ambo lilipochukua mradi 1948. Mkataba wa namna hiyo, ambapo mtendaji hurudishiwa anachotumia, humwachia mnunuzi hatari yote. Anayetumia hana sababu ya kubana.

Ununuzi wa matrekta ndiyo sehemu inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Matrekta mapya hayakupatikana duniani kwa haraka iliyotakiwa, hivyo yakanunuliwa yaliyoachwa na jeshi la Marekani, mengine kutoka Ufilipino, yakiwa yamekwishatumika vitani. Yalishushwa Dar es Salaam, bandari isiyo na nafasi ya mzigo huo, yakasafirishwa kwa reli hadi Kongwa, na mengi yakaharibika baada ya muda mfupi wa kung'oa visiki vya mibuyu na vichaka. Kiwanda cha Vickers nchini Uingereza kiligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Nayo hayakuiweza ardhi ya Kongwa iliyokakamaa kama saruji wakati wa kiangazi. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takriban 7,500. Mradi ulifungwa 1951 na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Hakuna aliyekuwa ameandika mapema, kwa maneno ambayo muuzaji angebanwa nayo, trekta linatakiwa kufanya kazi kwa saa ngapi, katika udongo gani, na vipuri vitatoka wapi. Maandishi hayo ndiyo yanayoitwa sasa vigezo vya kiufundi, na ndiyo sehemu ya nyaraka za zabuni inayoandikwa kwa uvivu zaidi hadi leo.

Uhuru wa 1961 haukubadilisha fomu. Sheria ya Hazina na Ukaguzi ya mwaka huo na kanuni za fedha zilizoambatana nayo ziliendeleza utaratibu wa bodi za zabuni: Bodi Kuu ya Zabuni kwa manunuzi makubwa ya serikali, na bodi nyingine za ngazi za chini. Kilichohama ni mahali pa kuamua. Sasa pakawa Dar es Salaam. Huko ndiko sanduku la zabuni lilikopata heshima yake. Lilikuwa sanduku la mbao au bati lenye mwanya juu na kufuli zaidi ya moja, funguo zikikaa kwa watu tofauti. Bahasha ziliandikwa namba ya zabuni na onyo kwamba zisifunguliwe kabla ya saa iliyotangazwa. Saa ikifika, mwanya uliwekewa kizuizi, sanduku likafunguliwa mbele ya waliofika, jina na bei ya kila mmoja vikasomwa kwa sauti, na wajumbe wakaweka saini kwenye kurasa za bei ili zisibadilishwe njiani. Aliyechelewa kwa dakika chache alirudishiwa bahasha yake. Ukali huo uliwaudhi wengi, lakini ulikuwa ulinzi wa watu wote waliofika kwa wakati.

Azimio la Arusha la 1967 liliupa ununuzi sura nyingine. Shirika la Biashara la Taifa, STC, lilichukua kampuni kubwa za uagizaji, na kuanzia 1973 kampuni za biashara za mikoa zikarithi kazi yake. Serikali sasa ilinunua kwa sehemu kubwa kutoka kwa mashirika yake yenyewe, na ushindani ukapoteza maana: zabuni ya nini kama muuzaji ni mmoja? Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, bila kushindanisha makandarasi. Gharama za ndani, kama mishahara ya vibarua, zililipwa kwa njia isiyo ya kawaida: China ilileta bidhaa za madukani kwa mkopo, zikauzwa Tanzania na Zambia, na fedha za mauzo zikaingia kwenye mradi. Kwa hiyo mwananchi aliyenunua sufuria au shati la Kichina miaka hiyo alichangia kulipia tuta la reli. Wafadhili wa Magharibi nao walikuwa na sharti lao, kwamba fedha za msaada zinunue bidhaa za nchi iliyozitoa. Mnunuzi wa Tanzania hakuwa na chaguo upande wowote.

Miaka ya uhaba iliyofuata ilizoesha watu kununua kwa kujuana. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na mwenye kibali cha kuagiza alikuwa na nguvu kuliko mwenye bei nzuri. Hapo ndipo "teni pasenti" ilipozoeleka vinywani kama jina la fungu la mkubwa katika kila mkataba. Jitihada za kuifanya kazi hii kuwa taaluma zilianza mwaka 1981 kwa kuundwa kwa bodi ya taifa ya usimamizi wa vifaa, iliyorithiwa 2007 na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Sekta ya afya ilijitenga mapema: Bohari ya Dawa ilianzishwa kwa sheria ya 1993 ili ununuzi wa dawa usisubiri foleni ya jumla.

Mageuzi yenyewe yalianza kwa kejeli ya historia. Mwaka 1992 serikali iliwapa kazi ya kuchunguza mfumo wake wa ununuzi walewale Crown Agents, ambao sasa walikuwa washauri. Ripoti ya Tume ya Warioba kuhusu rushwa, iliyotolewa 1996, iliongeza uzito: zabuni na mikataba ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotajwa kuoza. Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 3 ya 2001 ikawa ya kwanza kukusanya mambo haya mahali pamoja. Ilikuwa na kasoro moja kubwa, kwamba Bodi Kuu ya Zabuni iliidhinisha zabuni na wakati huohuo ikasimamia utekelezaji wa sheria. Sheria Namba 21 ya 2004 ilikata fundo hilo. Bodi Kuu ilifutwa, kila taasisi ikapewa bodi yake ya zabuni na kitengo chake cha usimamizi wa ununuzi, na ikaundwa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, ambayo hainunui chochote bali hukagua wanaonunua.

Wimbi hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa ya 1994 na msukumo wa Benki ya Dunia vilileta sheria za jamaa moja Uganda mwaka 2003, Kenya 2005 na Rwanda 2007. Kenya ilikwenda mbele zaidi kwa kuandika ununuzi ndani ya Katiba ya 2010, Ibara ya 227, inayodai haki, uwazi, ushindani na unafuu wa gharama. Na tangu 2013 ikatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tanzania nayo ilifuata kwa kutenga asilimia 30 kwa makundi maalumu.

Sheria ya 2004 iligawa mamlaka ndani ya taasisi kwa makusudi. Kitengo huandaa, kamati ya tathmini hupima, bodi ya zabuni huidhinisha, na afisa masuuli, yaani katibu mkuu au mkurugenzi, husaini na kubeba lawama. Hakuna anayeweza kufika mwisho peke yake, na wala hatakiwi kuingilia hatua ya mwenzake. Dhamana nazo zikapata nafasi maalumu. Dhamana ya zabuni humzuia mzabuni kujiondoa baada ya kushinda. Dhamana ya utendaji kazi, kwa kawaida kutoka benki, huchukuliwa kama mkandarasi ataacha jengo nusu. Fedha za matazamio huzuiwa hadi nyufa za mwaka wa kwanza zionekane au zisionekane. Aliyeshindwa hupewa kipindi cha kusubiri, ambamo mkataba hausainiwi, ili alalamike kwa afisa masuuli na asiporidhika aende Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Neno linalopotoshwa zaidi ni bei ya chini. Sheria hutaka bei ya chini baada ya tathmini, yaani baada ya kuwatoa wasiokidhi vigezo na kusahihisha hesabu, lakini kwenye vikao vingi neno "tathmini" humezwa na kinachobaki ni bei ya kwanza kwenye orodha.

Kashfa mbili za miaka hiyo zilifundisha umma istilahi hizi kuliko semina yoyote. Ya kwanza ilikuwa rada ya kuongozea ndege iliyonunuliwa kwa kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Desemba 2010 mahakama ya London iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000 kwa kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu malipo kwa wakala wake, na kampuni ikatoa takriban pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, zilizoelekezwa kwenye vitabu vya kiada na madawati. Ya pili ilikuwa mkataba wa umeme wa dharura wa 2006 kati ya TANESCO na kampuni ya Richmond. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilichambua namna mshindi alivyopatikana, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari 2008. Dharura ni njia halali ya kununua bila ushindani kamili. Ndiyo maana huvutia pia wasio na dharura.

Suala la mitambo iliyotumika lilifufuka hapo. Mwaka 2009 TANESCO ilipotaka kununua mitambo ya kampuni ya Dowans, iliyokuwa imerithi mkataba wa Richmond, mjadala mkali ulizuka kwa kuwa sheria haikuruhusu kununua vilivyokwishatumika. Sheria Namba 7 ya 2011 ilifungua mlango kwa masharti, kwa vitu kama meli, ndege na vichwa vya treni. Yeyote aliyesoma habari za Kongwa angeelewa kwa nini masharti yalihitajika.

Upande wa vitu vya kila siku, Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, ulioanzishwa 2007, uliingia mikataba maalumu na wauzaji wa karatasi, matairi na bidhaa na huduma nyingine, ili taasisi iagize kwa bei iliyokwishapatanwa bila kutangaza zabuni kila mara.

Mabadiliko yaliyofika mbali zaidi vijijini yaliitwa kwa jina la Kiingereza ambalo kila mwalimu mkuu analijua: fosi akaunti. Badala ya kumpa mkandarasi, taasisi hununua vifaa yenyewe na kuwalipa mafundi wa hapohapo. Mwaka 2021, katika fedha za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, madarasa 15,000 yalijengwa kwa njia hiyo, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, kila darasa kwa shilingi milioni 20. Shule iliunda kamati tatu, ya ujenzi, ya ununuzi na ya mapokezi, zenye walimu na wananchi. Mwalimu wa fizikia akajikuta anahesabu mifuko ya saruji, anapima kipenyo cha nondo kwa rula, na kumrudisha dereva wa lori kwa sababu mchanga haukufika kwenye mstari wa ukingo. Unafuu wa gharama ulionekana. Lakini makandarasi waliosajiliwa walilalamika kwamba kazi zao zimechukuliwa, na wakaguzi walikuta mara nyingi kumbukumbu za mapokezi zimejazwa baadaye.

Sheria Namba 10 ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, ilizifunga hatua hizi kwenye mfumo wa kielektroniki. Mfumo wa kwanza, TANePS, ulikuwa umeshaachwa, na tangu Oktoba 2023 taasisi hutumia NeST, uliojengwa ndani ya nchi. Tangazo, maswali ya wazabuni, ufunguzi, tathmini na mkataba vyote hupita humo, na bei hazionekani kwa yeyote kabla ya saa ya ufunguzi. Kanuni mpya zilitenga pia zabuni za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 kwa kampuni za Watanzania. Hata fundi wa fosi akaunti anatakiwa kujisajili, kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa na ya mlipakodi, kabla ya kupewa kazi ya kupaua darasa. Kwenye kata zenye mtandao dhaifu, afisa ununuzi wa halmashauri humsajili ofisini kwake wilayani, kisha fundi hurudi kijijini kuanza kazi na mkuu wa shule husaini hati ya mapokezi kwa kalamu, kwenye kitabu chenye nakala ya kaboni.